Simamisheni Gari Nesso

Shoga, kama fungate yenu ni Italia na mmekodi gari la peke yenu kutoka Como kwenda Bellagio, usikubali kusimamishwa vituo vitano vya kupiga picha mbio mbio. Njia yenyewe ni kilomita 30 hivi, nyembamba, imebanwa na mlima na ziwa. Mimi ningechagua Nesso tu. Hapo maji yanaporomoka kwenye ufa wa mwamba mpaka ziwani, na chini kuna daraja la kale la mawe. Ngazi ni nyingi: vaa viatu vya chini, pindo la baibui lipandishwe kidogo (hapo nasema kama fundi cherehani). Na muda wa kusimama mkubaliane kabla ya kulipa. Mkishaondoka, bwana harusi ataona haya kudai.