Uuguzi wa Nyumbani: Mzee Anapobabuka kwa Dawa

Mama mkwe ameanza dawa mpya. Majuma mawili yakipita anapata homa, macho yanawasha, koo linauma. Kisha ngozi inatoa madoa mekundu yenye maumivu, midomo inachubuka, malengelenge yanatokea. Usidhani ni surua, wala amerogwa. Huenda dawa imemdhuru. Dawa za salfa kama Septrin, kabamazepini ya kifafa na alopurinoli ya jongo zaweza kuleta hali hii, hasa katika majuma manane ya kwanza.

Usimpe dozi nyingine mpaka daktari amwone. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, pamoja na dawa zake zote, hata za mitishamba.

Huko atauguzwa kama aliyeungua moto, maana ngozi iliyobabuka hupoteza maji na joto, na vijidudu hupata mlango. Mzee hudhoofika upesi. Wewe unayemsaidia, nawa mikono kila mara. Shuka ziwe safi na laini, asipigwe na baridi. Mkimgeuza, mwinueni, msimburute. Usitumbue malengelenge wala kumpaka mafuta uliyotoka nayo nyumbani. Mnyweshe kidogo kidogo muuguzi akiruhusu. Kumbusha macho yasafishwe, kope zisije zikagandamana akapoteza uwezo wa kuona.

Akipona, jina la dawa ile liandikwe kwenye kadi yake. Asiitumie tena maishani. Kadi hiyo isikose mkobani kila aendapo kutibiwa.