Msaada wa Usalama na Sauti ya Wanakijiji

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander I, iliyokuwa ikija Pemba kutoka Unguja, ilizama karibu na Nungwi ikiwa imepakia watu kupita kiasi. Zaidi ya watu 200 walifariki. Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema kimbunga Hidaya, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasitishwa. Twajifunza kwamba onyo huokoa pale tu wenye madaraka wanapokubali kuzuia safari.

Kwa hiyo hatukatai ruzuku za kuwanunulia wavuvi wa Micheweni na Mkoani redio za mawasiliano na maboya ya kujiokolea. Twazihitaji. Lakini ruzuku ina mwisho, bahari haina. Nani atanunua betri mwaka wa tatu? Nani atashika ufunguo wa stoo? Mvuvi aliyekwisha kung'oa nanga atapashwaje habari? Maswali haya yaulizwe kabla ya mkataba kutiwa sahihi, mbele ya sheha, wavuvi na akina mama wakulima wa mwani. Na hesabu zibandikwe hadharani.

Kumpa mnyonge kifaa na kumnyima sauti ni hisani isiyofikia haki. Twawasihi viongozi wa walei wayaulize maswali haya bega kwa bega na jirani zetu Waislamu, kwa maana chombo kinapozama, bahari haichagui dini.