Na vita vya Biharwe je?

Ndugu mwandishi, nimesoma mpaka mwisho. Umeeleza vizuri namna ya kuwapaka rangi askari wadogo wa Zama za Kati, ila wote uliowataja ni wa Ulaya. Wangu nawafinyanga hapa Nakivale, na kisa chao kilitokea jirani tu, Biharwe, kando ya barabara ya Mbarara kwenda Masaka. Simulizi zasema Omukama (mfalme) Olimi wa Bunyoro alikuwa ameiteka mifugo ya ufalme wa Nkore, mara jua likazimika mchana. Akaingiwa na hofu, akaacha ng'ombe na kurudi kwao. Wanahistoria wengi hukihusisha kisa hicho na kupatwa kwa jua kwa Aprili 17, 1520. Leo pana mnara hapo.

Kazi ngumu ni ng'ombe. Pembe ndefu za ng'ombe wa Ankole ukizifinyanga kwa udongo zinavunjika, kwa hiyo natumia waya wa umeme uliomenywa, nauchomeka udongo ungali mbichi, kisha nakausha kivulini siku kadhaa. Halafu lile giza la jua kupatwa! Kung'arisha kingo kwa nyeupe tupu huharibu kila kitu. Nachanganya kijivu na bluu kidogo, napitisha brashi karibu kavu kwenye kingo za ngao na mabega, upande mmoja tu, ule unaotazama jua.

Nimewapanga thelathini juu ya ubao, watoto wa jirani huja kuwahesabu. Naomba msaada: vanishi niliyonunua Mbarara inang'aa mno, inaua giza langu. Nani amepata isiyong'aa?