Fundi wa pasi hapimwi kwa mabao

Wadau, kabla ya msimu wa 2024/25 ubishi wa vijiweni, Bukoba hadi Muleba, ulikuwa uleule wa magazetini: kiungo mchezeshaji bora ni Chama, Aziz Ki au Fei Toto? Msimu uliotangulia Aziz Ki alifunga mabao 21, Fei Toto 19. Sawa, lakini mabao ni kipimo cha mfungaji. Pasi inayopasua mabeki huonwa na aliyekwenda uwanjani, na wapanga orodha Kaitaba hawaji. Tukabishania vigogo wa Dar, Kagera Sugar yetu ikashuka daraja 2025. Kijana wa Muleba mwenye jicho la pasi ataandikwa na nani? Waandishi wa huku tuanze sisi. Mnasemaje?