Kabla ya Kuugusa Uvimbe wa Pituitari, Mishipa Itazamwe

Tezi ya pituitari, ambayo haizidi ukubwa wa punje ya kunde, imekaa katika kishimo cha mfupa chini ya ubongo, nyuma ya pua. Kulia na kushoto kwake hupita ateri mbili za karotidi, zinazoupatia ubongo sehemu kubwa ya damu yake. Kwa sababu ya ujirani huo, mgonjwa anayeondolewa uvimbe wa pituitari kupitia puani hapaswi kuingizwa chumba cha upasuaji kabla mishipa ya ubongo wake haijapigwa picha.

Aneurizimu ni kifuko kinachojitokeza pale ukuta wa ateri unapodhoofika. Takriban watu wazima 3 kati ya 100 wanacho, wengi wao bila kujua. Kwa wenye akromegali, ambao uvimbe wao humwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi hata viatu na pete zikawabana, tafiti kadhaa zimekuta kiwango kikubwa zaidi. Homoni hiyo, pamoja na shinikizo la damu linaloandamana nayo, hushukiwa kudhoofisha kuta za mishipa.

Linalotisha zaidi ni aneurizimu kujifanya uvimbe. Kifuko kikubwa kilichochomoza ndani ya kishimo kile huweza kubana neva za macho na kumpunguzia mtu uwezo wa kuona pembeni. Huweza hata kupandisha prolaktini kidogo kwa kukandamiza kikonyo cha tezi. Katika picha ya CT isiyo na dawa ya kung'arisha mishipa, hufanana mno na uvimbe wa kawaida. Daktari akikipasua kwa dhana hiyo, itakayobubujika ni damu ya ateri, tena mahali ambapo kuizuia ni kazi ngumu mno.

Wapo wasemao kuwa MRI ya pituitari yatosha. Haitoshi. Picha zake hulenga eneo dogo, na aneurizimu iliyo mbali kidogo na tezi huachwa nje. Kuongeza picha za mishipa katika mashine ileile huchukua dakika chache, na mara nyingi hakuhitaji sindano ya dawa.

Hoja ya gharama ina uzito, hasa kwa anayejilipia mwenyewe. Tena vifuko vidogo, visivyofikia milimita 7, mara nyingi havipasuki, na kumjulisha mtu kuwa anacho ni kumkosesha usingizi. Kwa hiyo mwenye kivimbe kidogo kisicho na dalili, au anayetibiwa prolaktinoma kwa vidonge, si lazima aanze na kipimo hiki. Anayekwenda kupasuliwa ni mwingine. Kikionekana kifuko, wapasuaji wataamua kama kizibwe kwanza au kifuatiliwe tu huku shinikizo la damu likidhibitiwa na sigara ikiachwa.

Mhudumu wa zahanati naye ana nafasi yake. Mwenye uvimbe wa pituitari akipatwa ghafla na maumivu makali ya kichwa, kutapika, shingo kukakamaa au macho kufifia, huenda tezi yenyewe imevuja damu, au aneurizimu imepasuka. Dalili pekee hazitenganishi mawili hayo. Asipewe dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani. Apelekwe hospitali yenye CT siku hiyohiyo, na barua ya rufaa itaje uvimbe huo katika mstari wa kwanza.