Mbuzi Mmoja, Milango Miwili

Niseme mapema tusipotezeane muda: sina ugomvi na kilti. Kilti ni nguo safi. Nimeona ikizaliwa kwa macho yangu, kwenye kibanda cha mama yangu hapa Bungoma, na kama kuna mtu anajua jasho lililoingia kwenye ile nguo, ni mimi niliyeshika pasi ya makaa. Ugomvi wangu ni na watu wetu wanaoamini kwamba wazungu wana historia na sisi tuna "utamaduni", na utamaduni unapitia mlango wa jikoni.

Wakili alikuja na mwaliko kwenye simu. Ni mtu wa kwetu, ofisi yake iko Kitale, na klabu moja ya huko ilikuwa imeandaa dansi ya usiku: kila mgeni aje na vazi la enzi yoyote ya historia. Alikuwa ametazama filamu ya Waskoti wa 1745 na alitaka kila kitu, kilti, shati la mikono mipana, soksi hadi magotini, na kile kifuko cha ngozi kinachoning'inia mbele kwa sababu kilti haina mfuko. Mama aliikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama, akasema, "Hii si ni sketi ya marinda?"

Ndiyo, marinda. Cheka umalize, tuendelee.

Wakili alikuwa amekuja na shuka ya Kimaasai, eti tuikunje tu. Mama akaikataa. Ule uzi wa kiwandani haushiki mkunjo, na ukiuwekea pasi ya moto kabisa unaungua. Tulienda duka la yunifomu tukapata kitambaa kizito cha sketi za shule, kijani chenye miraba ya buluu. Kilti rasmi ya siku hizi hula karibu mita saba na zaidi, lakini si lazima ununue zote. Mama alichukua mita nne za kitambaa kipana, akakikata katikati kwa urefu, akaunganisha vipande viwili, na mshono akauficha ndani ya rinda. Mbele kilti hubaki bapa, nyuma ndiyo marinda yote, na kila rinda lazima likunjwe mahali ambapo miraba inaendelea kana kwamba kitambaa hakijakunjwa. Hapo tu palikula jioni tatu. "Aliyebuni hii kitu alikuwa na wakati," Mama alisema.

Kifuko tulikishona kwa ngozi ya mbuzi kutoka kwa mchinjaji wa jirani. Nusu ya ngozi ilibaki ukutani, na nikiitazama nikapata wazo. Mwaliko wa Wakili ulikuwa wa watu wawili, na alitaka mtu wa kumpiga picha. Mwaliko ulisema enzi yoyote. Basi mimi nikachagua 1895.

Ukipanda matatu kutoka Bungoma kwenda Kitale unapita Webuye, chini ya kilima cha Chetambe. Mwaka huo wa 1895 Wabukusu walijichimbia ngome huko juu wakapigana na jeshi la Waingereza lililoongozwa na Charles Hobley. Walishindwa, na waliokufa walikuwa wengi. Ni umbali wa miaka hamsini kidogo kutoka Uskoti kupigwa mara ya mwisho hadi... hapana, ni mia moja na hamsini kasoro moja. Hesabu si yangu, niliacha chuo mwaka wa pili. Ninachosema ni kwamba kama watu wa 1745 walioshindwa na Mwingereza wana vazi la kuvaliwa dansini, watu wa 1895 walioshindwa na Mwingereza huyo huyo wanalo pia. Mama akanikatia ile nusu ya ngozi ikawa joho fupi la begani, nikaongeza shanga na bangili ya shaba. Vazi la mzee wa kumuse sikuligusa, lile lina wenyewe na lina kazi yake matangani. Na chini nilivaa kaptula, sina wazimu.

Getini Wakili alipigiwa saluti. Mimi nikaambiwa, "Kijana, wa isukuti wanapitia nyuma, kwa jikoni."

Isukuti hata si yetu. Ni ya Waisukha na Waidakho, kule Kakamega. Nilimweleza mzee huyo kwa heshima kwamba mimi ni mgeni, akaita mtu mwenye orodha. Yule wa orodha hakuwa na ubaya wowote, sauti tamu kabisa. Alinieleza kwamba mavazi ya kitamaduni ni ya watumbuizaji, wageni wamevaa ya kihistoria. Nilimwonyesha kifuko cha Wakili na joho langu. Ngozi moja, mbuzi mmoja, ukiviweka pamoja hata mabaka yanaungana. Akatabasamu. Nikaenda kukaa na madereva kwenye maegesho.

Sasa hiyo historia ya kilti ambayo ilipita getini bila kuulizwa. Baada ya Waskoti wa milimani kushindwa Culloden mwaka 1746, bunge la London lilipitisha sheria ya kuwakataza wanaume na wavulana wa huko kuvaa nguo zao. Kosa la kwanza, miezi sita jela. La pili, unapelekwa ng'ambo miaka saba. Walioruhusiwa ni waliokuwa wanajeshi wa mfalme. Sheria ikakaa hadi 1782. Halafu mwaka 1822 mfalme George wa Nne akazuru Edinburgh, mwandishi Walter Scott akapanga sherehe, na mfalme mwenyewe akatokea na kilti. Sehemu kubwa ya ile habari ya kila ukoo na miraba yake ni mambo ya karne ya kumi na tisa. Wapo hata wanahistoria wanaosema kilti fupi ilibuniwa na Mwingereza mwenye kiwanda cha chuma, ingawa wengine wanabisha. Kabla yake watu walijifunga kitambaa kirefu na mkanda tu.

Sisemi haya kuwacheka. Ninawaonea wivu. Walinyang'anywa nguo, wakairudia, wakaipunguza, wakaiongeza, wakadanganya kidogo, wakaivaa harusini. Hakuna anayewauliza cheti. Sisi tukigusa ngozi ya mbuzi tunaulizwa: je, ni halisi? Babu yako alivaa hivyo hasa? Joho langu ni la kubuni, nakubali, Mama alikisia mabega. Hata kilti ya Wakili ni yunifomu ya shule.

Wataniambia ni sherehe tu, relax. Sawa. Lakini kama ni Kitale na ni historia, tuivae yote. Miaka ya 1920, wakati maskwota walikuwa wakilima mashamba ya wazungu Trans Nzoia, mwanaume Mwafrika alitakiwa kutembea na kipande, na watu walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Hilo nalo ni vazi la enzi. Sikuona hata mtu mmoja akiingia nalo.

Na tusisingizie askari wa getini. Novemba 2023, Spika wa Bunge la Kitaifa, Moses Wetang'ula, mtu wa Bungoma hii hii, alipiga marufuku suti za Kaunda na mavazi ya Kiafrika bungeni. Mwanaume avae koti, kola, tai, suruali ndefu. Waskoti walihitaji bunge la watu wengine kuwakataza nguo zao. Sisi tumejihudumia. (Kwa kanuni hiyo hata kilti ya Wakili ingefukuzwa, angalau hapo kuna usawa.) Kabla ya hapo, mwaka 2004, tulijaribu kutafuta vazi la taifa kwa shindano lililodhaminiwa na kampuni ya sabuni. Likazinduliwa, likapigiwa makofi, likapotea. Nguo haizaliwi kwa shindano. Inazaliwa mtu akiwa na sherehe Jumamosi na fundi ana mita nne za kitambaa.

Wakili alitoka saa sita usiku na kuku amemfunga kwenye karatasi, akaniletea. Ni mtu mzuri, sina neno. Kilti ilikuwa imesifiwa na meza nzima. Wiki iliyofuata alipita kibandani, akalishika lile joho lililokuwa ukutani, akamwambia Mama kwamba mwakani huenda akataka kama hilo.

"Elfu saba," Mama akasema. "Bei ya kilti."

"Lakini Mama, si hii ni ngozi tu?"

Mama hakuinua kichwa kwenye cherehani. Alimkumbusha kwamba kwenye ile kilti bado kuna salio la elfu mbili.