Undugu Hautafutwi Tumboni: Funzo la Mnyoo kwa Mjadala wa Asili ya Kiswahili

Wahenga walinena kuwa undugu ni kufaana, si kufanana. Wanabiolojia wanaochunguza nasaba za wanyama wadogo wasio na uti wa mgongo wamelazimika kuikubali nusu ya pili ya methali hii, maana kufanana kumewapotosha mara nyingi. Neno letu mnyoo, kwa mfano, hujumuisha viumbe ambao kinasaba wako mbalimbali mno. Nyungunyungu wa shambani yu karibu zaidi na konokono kuliko alivyo karibu na mchango wa tumboni. Naye mchango ana ujamaa wa karibu zaidi na nzi. Ni maoni yangu kuwa mmoja wa minyoo hao ana funzo kwa mjadala wetu wa tangu jadi kuhusu asili ya Kiswahili, na kwamba funzo hilo linawahusu wanaozozana pande zote mbili.

Mnyoo huyo huitwa Xenoturbella bocki. Huishi katika tope la chini ya bahari, magharibi mwa Uswidi. Urefu wake ni sentimita chache tu. Hana ubongo wala mkundu. Mdomo unaopokea chakula ndio huohuo unaotoa mabaki. Alielezwa rasmi kisayansi mwaka wa 1949, na kwa kuwa umbo lake sahili halitoi ushahidi mwingi, wataalamu hawakuafikiana kuhusu ukoo wake. Mwaka wa 1997 ilitangazwa katika jarida la Nature kwamba fumbo limefumbuliwa: DNA iliyotolewa mwilini mwake ilionyesha kuwa ni moluska, ndugu ya chaza. Hata mayai yaliyoonekana ndani yake yalifanana na ya moluska.

Mwaka wa 2003, watafiti wengine walichapisha matokeo tofauti katika jarida hilohilo. DNA ile ya moluska ilikuwa ya chakula chake! DNA ya mnyoo mwenyewe ilipotengwa, ilimweka kwingine kabisa, upande wa kiti cha pweza na wanyama wenye uti wa mgongo, tukiwemo sisi. Uchunguzi wa baadaye ulimwunganisha na asoela, vijinyoo vya baharini ambavyo vingi havizidi milimita chache. Mahali pa ukoo huo katika mti wa wanyama pangali pana ubishi: utafiti wa 2016 uliutenga kuwa tawi la mapema, ilhali wa 2019 uliurudisha kwa jamaa za kiti cha pweza. Hata hivyo, dai la umoluska limeachwa.

Waliodai kuwa Kiswahili ni zao la Kiarabu walifuata njia hiyohiyo. Walilipasua tumbo la lugha, wakakuta habari, dunia, kitabu, sita, saba na tisa, wakatoa hukumu. Hawakujali namna chakula hicho kilivyosagwa. Neno kitabu lilipoingia, silabi yake ya kwanza, ambayo ni sehemu ya shina katika Kiarabu, ilichukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli, nasi tukapata vitabu. Ngeli, upatanisho wa kisarufi, mnyambuliko wa vitenzi na ulinganifu wa sauti na lugha jirani ndivyo mwili wenyewe. Kwa ushahidi wa aina hiyo, Derek Nurse na Thomas Hinnebusch (1993) walikieleza Kiswahili katika kundi la Sabaki, pamoja na Kipokomo, Kielwana, Kikomoro na lugha za Kimijikenda.

Wapo pia wenzetu wanaotaka kuuthibitisha Ubantu wa Kiswahili kwa kuyakwepa maneno yenye asili ya Kiarabu wanapounda istilahi. Nia yao ni njema, lakini nao wanachungulia tumboni. Wanakubali, bila kujua, kanuni ya wapinzani wao kwamba ukoo wa lugha hupimwa kwa idadi ya maneno iliyoyameza. Kiingereza kimesheheni maneno ya Kifaransa na Kilatini, na bado ni lugha ya Kijerumaniki. Tukilifuta neno habari, Kiswahili hakitakuwa cha Kibantu zaidi. Kitakuwa maskini zaidi.

Huenda nikapingwa kuwa mnyoo hawarithishi wanawe chaza aliowala, ilhali sisi huwarithisha watoto wetu maneno ya mkopo. Pingamizi hili lina uzito, nami nalikubali. Maneno hayo ni mali halali ya Kiswahili, na hiyo ni sababu zaidi ya kutoyafukuza. Lakini mali iliyochumwa ugenini, hata ikirithishwa vizazi kumi, haimbadilishi babu.

Basi katika semina zetu, kila hoja kuhusu asili ya lugha ipimwe kwa swali moja: je, ushahidi huu umetoka katika mwili wa lugha au katika chakula chake? Swali hilo likitangulia, tutaweza kuutetea Ubantu wa Kiswahili kwa mbinu za kitaaluma badala ya hamaki, na waundaji wa istilahi watachagua neno kwa kufaa kwake, bila kulidai cheti cha kuzaliwa.